Tulipima Mto Ukiwa Umelala

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumemaliza kuchimba kidimbwi cha pampu. Siku kumi na moja, karai kwa karai, na mgongo wangu umenikumbusha kwamba mimi si msichana tena. Tope lote la mwaka jana liko nje. Fundi pampu ametia alama kumi za rangi ukutani mwa kidimbwi, kutoka chini kwenda juu, na amenikabidhi fimbo ndefu. Kila asubuhi niishushe hadi iguse tope, nihesabu limefika alama ya ngapi.

"Mdomo wa pampu uko kwenye alama ya tano, Sista," akasema. "Tope likifika hapo pampu itakunywa uji, na mimi usiniite. Mvua ikishaanza hakuna wa kuingia humu kuchimba."

Naandika kwa sababu mwaka jana sikuandika, na sasa kila mtu anakumbuka lake. Mimi nakumbuka hivi. Kila mwenye shamba alilima hadi ukingoni mwa mto. Mvua ikaja, udongo ukashuka wote kidimbwini, na kufikia tarehe kumi na tisa Aprili pampu ilikwama. Zahanati ikakosa maji, wodi ya wazazi ikafungwa wiki saba. Mama mmoja nilimpandisha mwenyewe kwenye gari la mizigo apelekwe hospitali ya mjini. Yeye alifika, mtoto hakufika. Miaka ishirini na sita nimekuwa mkunga, na siku ile sikuwa na maji ya kunawa mikono.

Mwaka huu wodi haifungwi. Nimesema.

Kutoka kona ya juu ya mto hadi kidimbwini kuna mashamba tisa. Makubaliano ni ya mwaka mmoja, yakifaa tutayarudia: kila mwenye shamba aache hatua kumi kutoka majini bila kulima, tupande majani na miti ya kushika udongo. Miche italetwa na ofisi ya maji. Afisa wao ni mtu wa maneno machache. "Tisa au hakuna," alisema. "Mto hauruki shamba la mtu." Sahihi zote tisa anazitaka kabla Aprili haijaisha. Tukishindwa, ofisi haitatusaidia tena. Ukatibu nimepewa mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, jambo la ajabu kwa mtu wa zahanati.

Jumatano, 6 Machi

Ala! Kumbe hatua za watu zinabadilika kufuatana na shamba ni la nani. Mfyatua matofali wa shamba la nne tunamwita Twiga, ana miguu mirefu kama nguzo za umeme. Leo alipoanza kupima hatua kumi za kwake alitembea kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga shela.

"Twiga, unaumwa?" nikamuuliza.

"Miguu yangu ndiyo hii, mama mkunga."

"Jana ulipokuwa unakimbilia chai haikuwa hii."

Watu walicheka, na yeye akacheka. Nikachukua kamba, nikapima hatua kumi zangu, nikaikata. Kuanzia leo kamba ndiyo hatua. Haina shamba, haina ujanja.

Jumamosi, 9 Machi

Mashamba manane yamepimwa, vigingi vimesimama. Twiga nimemwendea mara nne kabla hajakubali. Kwa Mama Vitunguu, mjane wa shamba la sita, nimekaa saa tatu nzima nikisikiliza kila tuta lina mbegu gani. Shamba lake ni jembamba kama mkanda na kila hatua inamuuma. Mwishowe akasema, "Haya dada, wewe ndiye uliyenizalisha wanangu wote. Nitakukataliaje?"

Shamba la kwanza kabisa, lile la kona ya juu, ni la kaka yangu. Yeye yuko ukweni tangu Alhamisi. Nimeweka vigingi na kuandika jina lake kwenye mstari wa tisa, bado sahihi tu. Kaka ni kaka, tumetoka tumbo moja. Sasa nimsubiri ya nini?

Jumapili, 10 Machi

Kufua. Kulala. Mawingu.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwa hasira au kwa aibu, sijui.

Asubuhi zahanati ilikuwa imejaa, akina mama na watoto wao kwenye mabenchi, mimi niko mezani naandika kadi. Kaka akaingia. Hakusalimia mtu. Kwapani alikuwa na mzigo wa vigingi, umefungwa kwa kipande cha mpira. Akauweka juu ya meza yangu, juu ya kadi, udongo ukamwagika.

"Vitu vyako," akasema. "Nimevikuta shambani kwangu."

"Kaka, ni vya makubaliano. Nilikuwa nina..."

"Makubaliano ya nani na nani?"

Nikaanza kupangusa udongo kwenye kadi. Kaka akageuka akaondoka. Mlangoni alipishana na mwanawe wa kike, aliyekuja kupimwa. Ana mimba ya kwanza na amekuja kujifungulia kwao, tarehe yake ni mwisho wa Mei. Binti akanitazama mimi, akavitazama vigingi.

"Shangazi, mmegombana?"

"Panda kitandani nikupime," nikasema.

Mwanamume mzima kaninunia kwa sababu ya vijiti saba! Shamba lake ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote. Lisipozuiwa lile, mengine manane ni kazi bure, na anajua. Mkaidi huyu alikuwa hivihivi tangu tukigombea uji.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Tope: halijafika hata alama ya kwanza.

Jumatatu, 18 Machi

Miche imefika, mia sita. Tumepanda siku mbili mfululizo. Kaka alipita barabarani na jembe begani, akatusalimia wote kwa jumla, macho akayaweka kwa Twiga.

Kwake hakuna kilichopandwa. Amelima hadi majini, matuta yameshuka na mteremko.

Ijumaa, 22 Machi

Tope: alama ya kwanza.

Jumatano, 27 Machi

Afisa amekuja. Amehesabu sahihi: nane. Akaniuliza shamba la kona ni la nani, nikamwambia. Akauliza, "Unamfahamu mwenyewe?" Twiga akakohoa hadi akatoka nje.

Wifi yangu, mke wa kaka, amekuja jioni na mayai. Nikamwuliza mume wake anataka nini. "Wifi, mimi nimeleta mayai," akajibu. "Hayo mengine muulize mwenyewe."

Nimwendee mimi? Yeye ndiye aliyenivunjia heshima mbele ya wagonjwa.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Mvua ilianza alfajiri ikanyesha hadi saa tano bila kupumua. Ilipopungua nikavaa buti nikashuka mtoni, nikamkuta fundi pampu amesimama mbali na kidimbwi, mikono kichwani. Mto haukuwa mto niliouzoea. Ulikuwa mpana mara tatu, mwekundu, unabeba magogo.

"Vigingi viko wapi?" nikauliza.

Akanionyesha katikati ya maji.

Jamani. Vigingi vyetu vyote, ule mpaka wa hatua kumi niliopima kwa kamba na kujisifu, vilikuwa chini ya maji. Nilikuwa nimepima kutoka ukingo wa maji mwezi wa tatu, wakati mto umekonda, mtu anauruka bila kulowa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mto ukinenepa unafika wapi. Ukanda wote tuliotengeneza ulikuwa ndani ya mto wenyewe. Maji yalipita juu ya miche yetu yakaenda kula mashamba nyuma yake, pale ambapo bado pamelimwa. Nilisimama nikiona mche mmoja baada ya mwingine unapita, mizizi juu.

Kwa Mama Vitunguu matuta matano yamekwenda. Nilimkuta amechuchumaa, ameshika kitunguu kimoja.

"Uliniambia hatua kumi zitaniokoa," akasema.

"Nilikuambia."

"Nilikuamini, dada."

Nikachuchumaa karibu naye, tukaokota vilivyobaki.

Twiga yeye hakuwa na upole. "Mama mkunga, wewe zalisha watu! Mambo ya mto waachie wenyewe!" Shimo lake la udongo limejaa maji na matofali mabichi elfu mbili yamerudi kuwa tope. Nilimwacha aseme yote. Angekuwa ndugu yangu ningemjibu, na labda hapo ndipo penye ugonjwa wangu.

Maji yamepungua mchana. Nimeshusha fimbo mara mbili nikidhani nimekosea.

Tope: alama ya tatu. Jana ilikuwa ya kwanza.

Alhamisi, 4 Aprili

Watatu wamesema wanajitoa. Nimewaomba siku saba.

Ijumaa, 5 Aprili

Tope: ya tatu. Binti wa kaka amekuja kupimwa, mtoto amekaa vizuri. Nimenawa mikono bombani kabla na baada. Nimeyasikiliza maji yale.

Jumapili, 7 Aprili

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Nilikwenda kwa kaka saa nne asubuhi, mikono mitupu. Wifi alikuwa barazani anachambua maharage. Aliponiona akachukua ungo wake akaingia ndani, na mlango akauacha wazi kidogo ili asikie vizuri. Kaka alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Umekuja na kamba au umekuja na maneno?"

"Nimekuja na samahani."

Akaendelea kuchonga. Nikasimama. Nina miaka hamsini na mbili, lakini mbele ya kaka yangu nikajiona nina saba.

"Twiga ulimwendea mara ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Mama Vitunguu ulikaa kwake asubuhi nzima. Nimesikia. Watu wanane umewakalisha, umewaeleza, umewasikiliza. Mimi nimerudi safari nikakuta vijiti. Nikajiona mgeni kwenye shamba langu."

"Nilidhani wewe ni wangu, kaka."

"Wa kwako haulizwi?"

Hilo likanipata penyewe. Nikaketi chini bila kukaribishwa. Nikamwambia ukweli: nimezoea kuamrisha. Wodini ukibembeleza sana mtu anakufa, basi nimetoka na tabia hiyo hadi nje. Watu baki nawapigia magoti, ndugu zangu nawapangia kazi. Nikamwambia na habari ya yule mama wa gari la mizigo, ambayo sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho. Nikalia, nisiandike uongo.

Akauweka mpini chini.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Mlipima mto ukiwa umelala. Mimi naishi nao miaka arobaini. Najua ukiamka unalala kitanda gani."

"Uliona tunakosea ukanyamaza?"

Akapangusa vumbi mikononi. Kisha akasema, sauti chini, "Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uaibike kidogo. Sikujua vitunguu vya yule mama vingekwenda."

Nilitaka kumrukia. Kweli kabisa, nilitaka kuuchukua ule mpini. Lakini nilikuwa nimekuja kuomba samahani na yeye sasa anaomba yake, tena kwa shida kuliko mimi. Tukabaki hivyo, wote wawili na makosa yetu.

Wifi akatoka ndani. "Kama mmemaliza," akasema, "maharage yangu yanataka jua na nyie mmekaa mahali pake."

Jumanne, 9 Aprili

Kaka alinipitia asubuhi akaniambia nichukue kamba. Tukashuka hadi kona ya juu. Akanionyesha mstari wa takataka, majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka, mbali kabisa na maji. "Hapa ndipo mto unapofika ukiamka. Anzia hapa."

Nikashika ncha moja, yeye akaivuta nyingine kupanda juu. Ilipokaza akapigilia kigingi kwa nyundo yake mwenyewe. Nikahesabu kurudi majini: hatua ishirini na tatu. Robo ya shamba lake.

"Kaka, ni kubwa mno."

"Umekuja kunihurumia au kupima?"

Jumatano, 10 Aprili

Tumezunguka wote wawili, shamba kwa shamba. Mimi nimefunga mdomo, na kaka atakuwa shahidi wangu kwamba inawezekana. Yeye haelezi mengi. Anauliza mtu, "Mto ulifika wapi kwako?" kisha anasubiri. Mtu mwenyewe anakwenda, anaonyesha, halafu anashtuka mwenyewe. Mimi ningekuwa nimeshampa hotuba.

Twiga alilalamika kuanzia kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. "Mtaniachia pa kuvulia viatu tu! Udongo nichimbe wapi, mfukoni?" Kaka akamwonyesha mwinuko wa nyuma, udongo mzuri, mbali na maji. Twiga akauonja kwa vidole. "Ni mzuri," akakiri, amekasirika kwamba ni mzuri.

Kwa Mama Vitunguu tulikwama. Kamba ilipokaza kigingi kilikuwa karibu na mlango wake. Hata mimi niliona haiwezekani. Kaka akakuna kichwa.

"Mama, juu kwangu nina kipande nyuma ya banda, sikilimi. Lima wewe. Mimi mkono wangu kwa majani ni mzito, wewe nitunzie majani ya ukingo wangu pamoja na ya kwako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuchokane."

Akanitazama mimi. Safari hii sikumwambia kitu. Akasema atafikiri.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama Vitunguu amekubali, na wale watatu waliotaka kujitoa wamebaki. Tena amekuja na lake: miche ya ofisi imekwenda na maji, lakini matete ya kinamasi cha juu ukikata vipande na kuchomeka, yanashika kwa wiki mbili. "Mbona hukusema mwezi wa tatu?" nikauliza. Akanitazama vile kaka alivyonitazama. Haya, nimeelewa: sikumwuliza.

Tope: ya tatu na nusu.

Ijumaa, 19 Aprili

Siku saba tumechomeka matete mvuani. Vijana wa Twiga wanabeba kwa mikokoteni ya matofali. Fundi pampu naye amekuja, anachomeka huku analaani. Mwaka jana siku kama ya leo pampu ilikwama. Leo inanguruma.

Jumanne, 30 Aprili

Afisa amefika saa sita. Sahihi ya tisa imetiwa saa sita na robo. Kaka alisoma karatasi yote, kidole mstari kwa mstari. Alipofika kwenye jina lake mwisho kabisa, namba tisa, kidole kikasimama kidogo. Akatia sahihi.

Jumatatu, 6 Mei

Tope: ya nne. Imebaki moja.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Ya nne.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Ya nne. Matete ya kaka yamefika magotini.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua kama ya tarehe tatu Aprili, au zaidi. Ilitukuta wodini. Nilitaka kukimbilia mtoni lakini nilikuwa na mama mwenye uchungu, kwa hiyo nilikaa na kazi yangu. Mvua ilipopungua nikashuka, nikawakuta wote wako ukingoni wamelowa chapachapa, Twiga, Mama Vitunguu, fundi, kaka. Hakuna aliyewaita.

Mto ulikuwa umeamka, umejaa hadi kwenye mstari ule wa takataka, na ukaishia hapo. Matete yalikuwa yamelala chini ya maji lakini hayajang'oka. Upande wa kaka maji yaliyokuwa yanashuka kutoka shambani yaliingia mekundu kwenye majani, yakatoka upande wa pili rangi ya chai nyepesi. Nimeyaona kwa macho yangu.

Fundi akanipa fimbo. "Sista, shusha wewe. Mimi siwezi."

Nikashusha. Ikagusa. Nikahesabu, nikahesabu tena.

"Nne na kidole kimoja."

Twiga alinibeba juu. Nimemwambia akirudia nitamchoma sindano.

Jumapili, 26 Mei

Siku ya tano bila mvua. Jua. Tope: nne na kidole, palepale.

Jumanne, 28 Mei

Binti wa kaka alianza uchungu asubuhi, akajifungua saa nane mchana katika wodi ya wazazi, kitanda cha pili karibu na dirisha. Ilikuwa kazi ndefu na kuna wakati niliogopa, maana kamba ya kitovu ilikuwa imezunguka shingo. Nikaiondoa. Mtoto akalia. Nikanawa mikono, nikamwosha mtoto, nikamwosha mama yake, na bomba halikukohoa hata mara moja.

Nilipotoka kaka alikuwa kwenye benchi la nje, kofia mkononi, ameikunja hadi imekuwa kitambaa. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, iliyokuwa bado inadondosha maji.

"Una mjukuu wa kike," nikamwambia. "Wote wazima."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akajifuta uso kwa kofia ile. Nikakaa karibu naye, tukawa tunasikiliza pampu ikinguruma kule chini.

"Yale makubaliano ni ya mwaka mmoja, sivyo?" akauliza baadaye.

"Mwaka mmoja. Machi tunaandika upya."

"Machi uanzie kwangu."

Nimerudi nyumbani, nimegeuza daftari hili hadi ukurasa wa mwisho, nimechora mistari tisa. Namba moja nimeandika: kaka. Mbele yake nimeandika kwa herufi kubwa: AULIZWE.